Mafiga ya Bibi Nakijwa

Tangu kila jiko lifungiwe ukutani sikio la shule, chombo cha kusikiliza na kuhoji, historia ya kilima ilikuwa moja tu. Mtoto ambaye kwao ilisimuliwa nyingine alifukuzwa shule siku hiyohiyo.

Bibi Nakijwa alikuwa anasonga ugali. Mjukuu wake Nambike, wa kidato cha tatu, alisimama mbele ya sikio akisema somo lake.

"Kabla ya shule, hapa palikuwa pori. Hapakuwa na mtu."

"Pori," bibi akaguna. "Na haya mafiga je?"

"Bibi, hebu nyamaza. Unataka nifukuzwe kama kina Sechonge?" Nambike akanong'ona.

Mafiga hayo mama yake bibi aliyabeba kichwani kutoka bwawa la ukoo, siku lilipofukiwa kuwa uwanja wa mpira wa shule.

"Mafiga yametoka wapi?" sikio likauliza, kwa upole.

Nambike akamkazia bibi macho ya chuki.

"Niliyaokota mtoni," bibi akasema.

Kesho yake migombani, ambako sikio halikufika, Nambike akamsogelea. "Bibi, kwani yale mafiga yalitoka wapi hasa?"

Bibi alitamani kusema. Lakini sauti ya mtoto ilikuwa na upole uleule wa sikio.

"Mtoni, mama," akajibu, akaendelea kukata majani.