Chuo cha Wanafunzi Wachache

Haya alinihadithia Raiya mwenyewe, mwezi wa Rajabu uliopita, tukichambua mchele barazani kwangu. Hata hakufika katikati ya kisa, ungo akauweka chini.

Alisema Mama Kanze hakuuliza karo. Hakuuliza mabweni wala chakula. Alisimama ukumbini kwa Raiya, kule Shela ya Malindi, amejifukiza udi kama bibi harusi, akauliza: "Mwalimu, hivi vyuo vya udaktari vinavyosifika kwa maradhi ya wanawake, kipi kina wanafunzi wachache?"

Raiya akacheka. "Wenzako huuliza kipi kina walimu wazuri. Na udi wote huo, kuna harusi wapi? Keti basi."

"Niache nisimame, mwalimu. Nimezoea."

Raiya alikuwa amemsomesha Kanze sekondari yote, na matokeo yalipotoka alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Msichana wa kwanza wa shule ile kupata alama za udaktari! Kwa hivyo hakuona haja ya kuuliza swali hili limetoka wapi. Alifungua kompyuta, akaanza kulinganisha. Vyuo vyenye jina hasa katika mambo ya kina mama vilikuwa viwili. Kimoja kikubwa, huko bara, kikiandikisha wanafunzi mia tatu kila mwaka. Kingine kidogo, hakifiki hata hamsini.

"Hicho kidogo," akasema Mama Kanze, hata sentensi haijaisha.

"Ngoja kwanza! Kidogo bado kichanga. Mabingwa wako kwenye hicho kikubwa. Wagonjwa humiminika huko, na mkono wa daktari hufunzwa na wagonjwa."

"Na hao mia tatu, huingia wodini wote?"

"La, hugawanywa makundi. Kumi na watano, ishirini. Wanamzunguka mgonjwa, profesa anaeleza, wao wanatazama."

"Wanaume na wanawake?"

"Wote. Udaktari hauna pazia, Mama Kanze."

"Na mgonjwa huulizwa kwanza?"

"Ataulizwa nini? Si amekuja kutibiwa?"

Mama Kanze aliinamisha macho. Leso ya pili aliyojifunga kiunoni akaivuta, akaikaza.

Mwanamke huyu zamani aliuza viazi vya karai sokoni, na ulimi wake ulichoma kuliko pilipili yake. Lakini tangu amzike kitinda mimba wake, aliyetoka baada ya uchungu mrefu na asilie, hakuonekana tena sokoni, harusini wala matangani. Raiya alijua huzuni ni mzigo. Alichokataa ni mzigo ule kumzibia mwanafunzi wake njia.

"Waogopa nini? Nambie."

"Wewe ni mwari, mwalimu, hujaolewa wala kuzaa. Kwetu hayo hayasemwi mbele ya mwari."

"Mwari!" Raiya akapiga makofi. "Mwari ana mvi! Haya, yafiche hayo yenu ya wazazi. Lakini nikwambie, watu wamepoteza maisha yao kwa kuona haya. Ukichagua kidogo kwa sababu ya macho ya watu, mtajuta. Wewe, na Kanze."

"Na Kanze," alirudia yule mama, polepole.

Nje muuza maji akapita na mkokoteni wake akipiga kelele, akaenda zake.

"Ijumaa wataka jibu," akasema Mama Kanze. "Nisipojibu, nafasi apewa mwingine."

"Ndiyo maana nasema tusicheze."

"Yaani kikubwa ndicho kinachoijua kazi? Waapa?"

"Wallahi, hicho kikubwa."

"Basi kikubwa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayenyoosha kiganja achapwe. "Lakini unisindikize, mwalimu. Mimi sijapita Mariakani."

Raiya akafurahi. Mzazi kutaka kukiona chuo kwa macho yake ni jambo jema, na shule zilikuwa zimefungwa. Wakasafiri watatu, wakalala kwa binamu yake Raiya. Njia nzima Kanze alimshika mamake mkono kama mtoto mdogo. Raiya akamsamehe, nani hatishiki, akienda kuyaona maisha yake mapya?

Kulipokucha wakaandaliwa chai na mahamri. Mama Kanze hakutia kitu kinywani, hata funda la maji.

"Mama Kanze, umesilimu usiku?" Raiya akamtania. "Mbona wafunga?"

Yule mama akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Malindi.

Langoni pa chuo na hospitali yake, vijana wenye makoti meupe walikuwa wakimiminika, wavulana kwa wasichana, wakisukumana na kuchekana. Mama Kanze aliwatazama hadi wa mwisho akapita. Raiya moyo ulimjaa. Akamshika Kanze bega.

"Haya, mwanangu. Twende ofisi ya usajili, uone utakapoandikishwa."

Kanze akamkodolea macho. "Kuandikishwa? Leo si anapasuliwa mama, mwalimu?" Akakumbatia mfuko wake kifuani. "Mimi nimekuja na leso za kumbadilisha mama. Tangu amzae yule mtoto, mkojo wamtoka wenyewe, hajakauka."

Raiya aligeuka amwite, lakini Mama Kanze alikuwa ameshaingia mwenyewe mlango wa wagonjwa. Walipomfikia alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, amejifunika leso usoni, na makoti meupe yamemzunguka pande zote, profesa akieleza. Na chini ya leso ile Mama Kanze, kama alivyomsimulia baadaye, alisikia viatu vingine vikiingia, na vingine, hata dawa ya usingizi ikamchukua.