Chini ya Kawa

"Haya, furahi," Raya alimwambia mumewe. Akaiweka simu yake kwenye sinia, akaifunika kwa kawa kama afunikavyo chakula. "Mpaka mbaazi hizi ziishe, mimi ni wako."

Mbaruku ndiye aliyeomba. Mwaka mzima aliionea wivu simu ile, kwa sababu ndiyo iliyopewa tabasamu alilokuwa akipewa yeye. Sasa walikaa mkekani wakimenya mbaazi mbichi, ungo katikati yao. Raya alimtazama usoni, akashusha sauti, akaanza kumsimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Simu ikatetemeka. Sinia likalia.

"Hupokei?" Mbaruku akauliza.

"Si umeniomba niiache?" Raya akaendelea kusimulia.

Sinia likalia tena, kisha mara ya tatu. Nani huyo, anayempigia mke wa mtu mara tatu mchana kweupe? Mbaruku akawa anatupa maganda ungoni na mbaazi kwenye takataka. Katika nyumba ile kawa hufunuliwa na aliyefunika. Hata mgeni mwenye njaa hungoja. Lakini mkono wa Mbaruku ulikuwa tayari umefika kwenye kawa.

Raya aliutazama mkono ule.

"Nimesema nini, Mbaruku?"

Mbaruku aliitazama kawa.

Raya alijifuta machozi, akaanza kuokota maganda kwenye ungo, moja moja. Simu ilikuwa imenyamaza. Mkono wa Mbaruku ulikuwa bado juu ya kawa.