Mbegu za Ukoo wa Mzee Hironimus

Mama Edmund alilibana jicho kwenye darubini kama mtu anayechungulia chumba cha jirani. Nyuma yake Theodosia, mke wa mwanawe, alisimama mlangoni, mkono kifuani.

"Mbona sioni kitu?" mama akauliza.

"Ndicho nilichotaka ukione, mama," akajibu daktari Daimu. "Hapo palitakiwa pawe na mbegu zinazokimbizana kama viluwiluwi kwenye dimbwi. Hakuna hata moja."

Zahanati ile ya binafsi ilikuwa mpya pale mjini, Majengo. Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, zilirudisha sukari madukani, zikaleta na darubini ya kuchungulia siri za watu. Edmund alikuja na kichupa chake asubuhi, kofia kaishusha mpaka puani, akakikabidhi kama cha wizi na kuwahi gari la kurudi kijijini Maposeni. Majibu akamwachia mama yake. Mwanaume mzima, aliogopa neno la daktari kuliko simba.

"Labda alikuwa amechoka," mama akajaribu.

"Hii ni mara ya pili, mama. Mwanamke huzaliwa na mayai yake, anayo tangu yuko kichanga. Mwanaume yeye hutengeneza mbegu upya kila siku, kwenye korodani, na mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kukomaa. Ndiyo maana nilimwambia arudi baada ya miezi mitatu, tuone mpya. Hakuna mpya. Kiwanda kipo, ila hakijawahi kuwashwa."

Theodosia hakufurahi hata chembe. Huko Maposeni wazee walishakaa, pombe ya komoni imeshachachuka, na baba mkwe, Mzee Hironimus, alishaapa kwamba leo hii mwanamke huyu anarudishwa kwao Lusewa.

"Miaka sita naona mgongo wake tu ukienda shamba na kurudi!" alifoka jana mbele ya majirani. "Tumbo halijapata kumtangulia! Ukoo wangu haujui kukosa mbegu. Tazameni wanangu saba, madume matupu!"

Sasa nani amwambie mzee yule kwamba mwanawe ni mtungi mtupu? Mke akilisema, atakula makofi kabla hajalimaliza. Aliyeweza kulisema akasikika ni mama mtu peke yake. Na mdomo ule haujapata kulala na habari ya mtu.

Mama akamnyooshea Theodosia kidole. "Na huyu mkwe wangu? Yeye mzima?"

"Mzima kabisa. Mwezi hauruki, yai linatoka kwa wakati wake. Kwake sijaona kasoro."

"Basi, baba, haya yaishie humu humu. Edmund nitazungumza naye mwenyewe."

Theodosia akawaza moyoni. Kumbe ndivyo wanavyofanya: aibu ya mtoto wao wanaifukia, na kaburi lake ni yeye.

Nje, mama akamshika kifundo cha mkono, akamvuta mpaka nyuma ya ua wa mabua, mbali na wauza mitumba.

"Hili ukilitoa mdomoni nakukana mchana kweupe."

"Yaani mama mnanirudisha Lusewa kwa kosa lisilo langu?" Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa inapanda. "Sikubali! Nitasimama mbele ya wazee wote niseme!"

"Punguza sauti! Ukisema, umemuua mume wako."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza, naingia mimi kikaoni. Nawaambia daktari kakupa dawa, wakupe mwaka mmoja. Mzee anafoka, lakini kwangu husikia."

"Mwaka wa nini, mama? Hata mnipe kumi! Si umechungulia kwa jicho lako? Hakuna hata moja!"

Mama Edmund akatazama kushoto, akatazama kulia. Akamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake, taratibu, kama anayemfuta mtoto makamasi.

"Nyamaza, mwanangu," akamnong'oneza. "Mzee Hironimus naye hakuwa nazo, na saba nimemzalia."