Damu Iliyolingana

Rosalia alikataa kiti. Kilikuwa cha plastiki, kimepasuka mguu, na kilikuwa kimefutwa kwa kitambaa kilichonuka kuliko kiti chenyewe.

"Nitasimama," alisema, hanchifu puani.

Nje ya mlango mtaro mweusi ulijikokota, umebeba nepi, maganda ya mihogo na kitu ambacho Rosalia aliapa hatakitazama tena. Akakitazama. Tangu ashuke garini hapa Mtopanga alikuwa akijiuliza vipi yeye na mdogo wake Kahaso walizaliwa tumbo moja.

Majibu ya hospitali yalikuwa yametoka asubuhi. Cindy, mtoto wa pili wa Kahaso, alikuwa na saratani ya damu na alihitaji uboho wa ndugu yake. Katika ndugu zake wote, damu iliyolingana na yake ilikuwa ya Dhahabu, kitindamimba. Bila hivyo, daktari hakuficha, Cindy hatauona mwaka mpya.

"Shikamoo, mama mkubwa," Dhahabu aliamkia, kamasi zimemfika mdomoni.

"Marahaba." Rosalia alimpa ncha za vidole, kisha akazipaka dawa ya kuua vijidudu mpaka zikawasha. Akamfunua midomo, akamgeuza viganja, akamchungulia masikio, kama mtu achaguaye mbuzi mnadani. Kucha nyeusi, magoti yamejaa makovu. Lakini macho yalikuwa meupe, meno yametimia, na kifua hakina hata kikohozi. Jambo hilo lilimuudhi.

"Huugua huyu?"

"Mafua tu, dada." Kahaso alikuwa amechutama kando ya jiko la makaa, akiwashia moto kwa kipande cha ndara kuukuu ya mpira. Moshi mzito ukatanda chumbani.

"Huo ndio uvumba uliokuwa ukivuta na mimba ya Cindy tumboni!" Rosalia alifoka huku akikohoa. "Moshi wa ndara na maji ya mtaroni! Halafu watu wauliza saratani imetoka wapi. Umaskini ni uchafu, Kahaso, na uchafu ndio maradhi."

Kahaso alipepea moto. "Anakula?"

"Anatapika."

"Naweza kuja kumwona?"

"Na vijidudu vyote hivi? Utammaliza."

Kahaso akainamisha kichwa. Rosalia alitamani kutema mate, ila hakuona pa kutemea palipomstahili. Alitaka kuondoka kabla harufu haijamganda nguoni.

"Mvishe nguo safi twende. Hospitali wamngoja."

Kahaso hakuinuka.

"Wangoja nini? Mwanao anakufa!"

Kahaso akaacha kupepea. "Mwanangu?"

"Ni wa nani mwingine? Mimba ulibeba wewe, na huo ugonjwa ulimpa wewe."

Kahaso alimkazia dada yake macho. Macho hayo yalimchefua Rosalia kuliko mtaro. Mama gani huyu, wa kuambiwa mtoto anakufa akabaki kukodoa macho? Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakumwona huyu! Hata kuku humpigania kifaranga chake. Labda ukikaa kwenye uozo miaka mingi, moyo nao huoza.

Hatimaye Kahaso alisimama. Alimpangusa Dhahabu kamasi kwa ncha ya leso yake, akamvisha gauni la kanisani, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Kisha akauchukua mkono wa mtoto na kuutia katika mkono wa Rosalia, akauminya hapo kwa nguvu, hata Rosalia hakuweza kujinasua.

"Mchukue, dada," alisema. "Lakini huyu umrudishe. Cindy nilikupa kitovu hakijamdondoka, ukaniapia kwamba katika nyumba yako ya Shanzu hatajua maradhi."