Kipa Aliyeonekana Kutoka Juu

Binti alipomwonyesha kochi lao mbele ya ukuta wa kioo uliotazama uwanja, baba yake hakukaa. Alisimama na kofia mkononi, mdomo wazi.

"Kumbe uwanja ni mpana hivi!"

Alikuwa fundi cherehani, mfupi kiasi kwamba mtaa mzima ulimwita Kisoda. Tangu ujana wake alitazama mpira akiwa amesimama jukwaani, katikati ya migongo ya watu. Tiketi ya ukumbi wa VIP ilikuwa zawadi ya bintiye, naye njia nzima alinung'unika kwamba ni kutupa hela.

"Baba, chai inapoa."

"Achana na chai. Hebu njoo umwone kipa wetu."

Mpira ulikuwa upande wa pili. Huku chini yao, kipa alikuwa peke yake, akienda na kurudi, akijisemesha, akifuta glavu kwenye bukta.

"Siku zote nilidhani huyu anapumzika," baba alinong'ona.

Mara bao likaingia kule mbali. Uwanja ukalipuka, wachezaji wakarundikana. Kipa alikimbia kidogo kuwafuata, akasita. Walikuwa mbali mno. Akarudi, akakumbatia mlingoti wa goli.

Baba akausukuma mlango wa kioo, akatoka nje kwenye roshani, kelele zikamvaa. Akapanda juu ya kiti, akamnyooshea kipa mikono yote miwili, akaita kwa sauti ambayo bintiye hakuwahi kuisikia:

"Mwanangu! Tumekuona!"

Kipa akainua uso.