Mkunjo Mmoja

"Chagua mkunjo mmoja," daktari wa mifupa alimwambia kinyozi. "Nikishafunga vyuma, kiwiko hakitakunjuka wala kukunjika tena maishani."

Kiwiko chenyewe kilisagika siku kinyozi alipoteleza kwenye ngazi za duka lake. Balaa nalo halikosei shabaha: lilichagua mkono wa kulia.

Daktari alimtengenezea plasta mbili ngumu za kuvaa na kuvua, azijaribu nyumbani kabla ya upasuaji. Ya kwanza iliupandisha mkono juu, mahali pa kushikia mkasi kwenye kichwa cha mteja. Ya pili iliuacha chini, ukipita mbele ya tumbo, pale linapokaa gitaa alilolipiga tangu ujana.

Mkewe hakuona cha kufikiri hapo. Duka ndilo lililowalisha na kusomesha watoto, na sasa lilikuwa mikononi mwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye wateja walimkabidhi vichwa huku wameshika masikio yao. Gitaa ni la jioni, alisema, la kufurahisha majirani. Hakuna mtu aliyewahi kushiba nyimbo.

Kinyozi hakubishana. Aliomba avalishwe plasta ya pili.

Mwanzo ulikuwa aibu tupu. Miaka yote alipiga nyuzi kwa mkono mzima, kuanzia kiwikoni. Sasa kifundo cha mkono peke yake ndicho kilichobeba kazi yote. Vidole vilinasa kwenye nyuzi. Siku moja kile kiplastiki cha kupigia kilimponyoka, kikatumbukia ndani ya tundu la gitaa, na kwa kuwa hakuweza kuligeuza, alikaa akisubiri mkewe arudi kutoka sokoni aje alitikise. Mtu mzima na ndevu zake, alilia. Mkewe ndiye aliyemvisha shati, aliyemfunga plasta, aliyempakatisha gitaa. Bila yeye asingeweza hata kuanza.

Lakini haba na haba, wimbo ukarudi. Ulikuwa ule wa zamani, aliompigia mkewe alipokuwa bado binti wa watu. Jioni moja mke alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akausikiliza hadi mwisho. Machozi yalimlengalenga.

"Sikujua unalipenda gitaa kiasi hiki," alisema.

"Nikilikosa hili, mke wangu, mimi ni maiti inayonyoa watu."

"Nimekuelewa."

Akarudi jikoni kabla mboga haijaungua. Tangu siku ile hakulitaja duka tena. Kinyozi alimshukuru Mungu kwa kumpa mwanamke wa namna ile.

Asubuhi ya upasuaji mke mwenyewe alimfunga plasta ya gitaa, akaikaza vizuri, maana daktari alisema ataufuata mkunjo ambao mgonjwa atakuja nao. Kabla kitanda hakijasukumwa ndani, alimshika mumewe shavu, akamwambia asiogope, yeye yupo hapo nje, haendi popote. Sindano ya usingizi ilimchukua kinyozi akiwa bado anaupiga wimbo ule kichwani.

Alipozinduka kinywa kilikuwa kikavu na koo linawasha. Mkewe alikuwa ameketi kando ya kitanda, analia na kucheka kwa pamoja. Vyuma vimekaa sawasawa, alimwambia, na daktari ameridhika kabisa.

Kinyozi aliupeleka mkono wa kushoto tumboni, kuutafuta wa kulia pale alipouacha. Alikuta shuka. Akapapasa kifuani, polepole, akipanda juu. Vidole vyake vya kulia alivikuta chini ya kidevu.

"Daktari alitoka kuuliza mara ya mwisho," mkewe alisema, akimfuta jasho la uso. "Ulikuwa umeshalala, baba watoto. Nikamwambia tumeghairi."