Simu Isilie Mpaka Pasaka

Mlio wa kwanza wa simu ulitoka nyuma ya mlango wa choo. Wa pili ukaujibu kutoka jikoni, mkali zaidi, na nyuma yake zikaja hatua za Attracta na glasi ya maji ya machungwa.

"Cathal, fungua."

"Nipo chooni, mama."

"Watu hufa chooni pia."

Mlango ukafunguka kidogo. Mkono mwembamba ukatoka, ukachukua glasi. Ulikuwa mkono wa mwanamume wa miaka ishirini na tisa.

Ilikuwa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima, siku ya chapati za maji katika kila nyumba ya Mayo, magharibi mwa Ireland. Cathal alikuwa amejidunga insulini ya chapati sita, akala mbili, akazama kwenye ubishi wa mpira na kuzisahau nne. Insulini haisahau.

Alizaliwa na sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute wa mapafu na wa tumbo uwe mzito kama gundi. Baada ya mapafu ukahamia kongosho, ukamletea kisukari cha namna yake. Wagonjwa wengine wa kisukari huambiwa wapunguze. Yeye aliambiwa ale: siagi, krimu, nyama yenye mafuta, kisha ajidunge kulingana na sahani. Kidude cheupe begani kilisoma sukari yake mchana na usiku, kikatuma namba kwenye simu mbili, yake na ya mama yake. Ikishuka chini ya nne, zote mbili hulia.

"Umeona?" Attracta alimwambia mgeni wao mezani. "Nani anaondoka kwenye nyumba inayolia hivi?"

Mgeni alikuwa Malachy, jirani yao wa zamani. Siku hizi alikuwa na duka la rangi katika mji wa Galway, na juu ya duka chumba kinachotazama bahari.

"Chumba kiko tayari," alisema. "Nimekipaka njano."

"Nani alikwambia njano?"

"Cathal."

Cathal, ambaye hakuwa na hata soksi ya njano, alirudi mezani akifuta mdomo. "Tufanye hivi, mama. Kuanzia kesho mpaka Pasaka, simu yako isipolia, safari ya Galway ipo. Ikilia hata mara moja, sitaitaja tena maishani."

"Utashindwa kabla ya Jumapili."

"Sasa unaogopa nini?"

Attracta alichukua chapati ya mwanawe, akaipaka siagi mpaka kwenye kingo. "Haya. Pasaka," akasema.

Mji mzima ukaacha peremende na keki kwa ajili ya Mungu. Cathal akala kwa niaba yao. Alipima wanga kabla ya kudunga, na alichokidungia alikila mpaka mwisho, hata kilipompanda kooni. Kifua kikamshika, sukari ikapaa hadi kumi na tano. Akaishusha taratibu, kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu cha mwenzake.

Malachy alipiga simu kila asubuhi.

"Leo ngapi?"

"Saba."

"Na usiku?"

"Malachy, wewe umemzidi mama."

"Ikikushinda, zima hicho kidude. Nani atajua?"

"Namba zikikatika atakuja kunitikisa kitandani. Halafu sitaki kumdanganya. Simu yake ikinyamaza, inyamaze kweli."

Ijumaa Kuu wanaume walibeba msalaba mkubwa kupandisha kilima hadi kanisani. Walimwambia Cathal atembee tu. Akaweka bega lake chini ya msalaba, akapanda nao, akihema kama mvukuto.

Ndani ya kanisa, katikati ya ukimya wa saa tisa, simu yake ilionyesha tano na nukta moja, na mshale ukitazama chini. Kisha nne na nukta sita.

Akafungua pakiti ya peremende. Karatasi ikalalamika kanisa zima.

"Tafuna kimyakimya, mnyama wewe," bibi Philomena akanong'ona nyuma yake. Hakuwa ameonja sukari tangu Jumatano ya Majivu.

"Ni dawa, bibi."

"Basi anza na hiyo nyekundu. Ndiyo yenye nguvu."

Nne na nukta mbili. Viti vitatu mbele, Attracta alikuwa ameshika simu yake kiganjani pamoja na rozari. Hakugeuka. Nne na nukta moja. Cathal alitafuna peremende ya tano, ya sita, taya zikiuma. Bibi Philomena akaacha kumwomba Mkombozi, akaanza kuiombea namba.

Nne na nukta moja. Nne na nukta moja.

Nne na nukta nne.

Mabega ya Attracta yakashuka. Hakuna aliyejua kama ni kwa faraja au kwa huzuni.

Jumatatu ya Pasaka, gari la Malachy lilisimama mlangoni likinguruma. Cathal aliburuta sanduku jekundu mwenyewe na kulisukuma nyuma ya gari. Attracta alimfuata, kavaa koti lake la kanisani, akirudia maagizo.

"Vidonge vya tumbo kila unapokula mafuta."

"Ndiyo, mama."

"Mashine ya mvuke asubuhi, kabla ya chai."

"Ndiyo."

"Usile kama ndege."

"Mama, tutazeeka hapa."

Attracta akaitazama nyumba, dirisha kwa dirisha, kisha akamrekebishia mwanawe kola iliyokuwa imekaa sawa.

Cathal alifungua mlango wa mbele wa gari, akamwingiza mama yake karibu na Malachy, akamfunga mkanda, akaufunga mlango na kubaki nje.

"Harusi yenu ni Juni," alisema dirishani, "na mimi ndiye nitakayekupeleka madhabahuni. Naahidi, mama: siku hiyo suti itanibana."